Fisi Alivyolinda Maiti Siku Tatu

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, kwa maana nikianza sirudi nyuma kumwokota mtu.

Palikuwa na Bonde, na Bonde hilo lilichomwa na jua miaka miwili mfululizo. Visima vikawa matope, matope yakawa vumbi, na vumbi likapeperuka. Mvua ikikosa mara mbili, mnyama haulizi tena atakula nini leo. Anauliza mbegu iko wapi. Na mbegu ya Bonde zima, mtama mwekundu, ilikuwa katika ghala moja lenye ufunguo mmoja, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Fisi.

Hivyo ndivyo walivyokubaliana siku walipomfukuza Chui, aliyekuwa akimiliki kila jani. Walisema: hapa hakuna changu wala chako, chungu kimoja, ghala moja, wote ndugu. Neno zuri, wala silisemi vibaya. Lakini kumpa Fisi ufunguo wa ghala! Hapo hata mimi huwa najiuliza walikuwa wamekunywa nini.

Simba ndiye aliyekuwa Mwenyekiti. Simba mnamjua, majivuno ndiyo damu yake. Hata akipiga chafya alikuwa anangoja apigiwe makofi. Fisi alikuwa Katibu wake, na kila baada ya mavuno alikuwa anapanda kwenye kichuguu na kupaza sauti:

"Bonde!"

"Moja!" wanaitikia.

"Chungu?"

"Kimoja!"

"Wanaokubali Ndugu Mwenyekiti aendelee, mikia juu!"

Mikia inakwenda juu. Wa Punda ndio uliotangulia siku zote, kwa maana Punda aliamini kweli, aliamini hadi kwenye kwato. Kisha Fisi anahesabu. Wanyama wa Bonde walikuwa tisini, kura zikawa mia na nne. Kobe, ambaye mkia wake hauonekani, alihesabiwa mara mbili, kwa heshima ya umri.

Sasa mwaka huo wa njaa, mawingu yakaanza kuchungulia nyuma ya vilima. Bi Kanga akaenda mkutanoni na vifaranga wake wanne. Walikuwa kumi na mmoja ukame ulipoanza.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mvua inakuja. Mbegu tutagawiwa lini?"

Fisi akaruka. "Nani amekutuma kuuliza?"

"Njaa."

"Njaa ya upande gani?"

"Ya tumboni, Ndugu Katibu. Wewe ya kwako inakaa wapi?"

Mtu akacheka huko nyuma, kisha akajifanya anakohoa. Fisi akafura. Alikuwa na dawa moja kwa kila swali, na dawa hiyo iliitwa Ng'ambo.

"Ndugu wananchi!" akapiga kelele. "Maneno haya yametoka Ng'ambo! Ng'ambo ya mto wanatuonea wivu. Wanataka ghala letu, wanataka ardhi yetu. Mzalendo wa kweli hufunga mdomo na kukaza mkanda. Anayeuliza mbegu ni kibaraka!"

Na huo mto wenyewe, mgeupima, ulikuwa umekauka hata kifaranga angevuka bila kulowa ukucha. Huko Ng'ambo kulikaa akina Sungura. Nusu ya Bonde walikuwa na mashemeji huko. Zamani walikuwa wakizikana na kuozana, lakini Fisi alikwisha kupiga marufuku kuvuka, na kusalimiana kwa mbali, na hata kutajana jina.

Basi Simba, ambaye alipenda sana kuonekana mkarimu, akainua kucha moja. "Nyamazeni. Mimi siogopi swali la ndege. Keshokutwa ghala litafunguliwa mbele ya wote, na kila mtu atapata mbegu yake. Nimesema."

Wakashangilia mpaka vumbi likatimka. Fisi naye alishangilia, ila jicho lake lilikuwa ghalani. Kwa maana nusu ya mbegu ilikuwa tumboni mwake tangu mwaka wa kwanza.

Fisi hakutaka kukosa na nusu iliyobaki. Mwingine angesema, hii niirudishe angalau nipunguze aibu. Mlafi hafikiri hivyo. Alitandika mkeka ghalani, akamwaga mtama wote juu yake, akauviringisha na kuufunga kamba huku na huku. Alipogeuka akamkuta Nguchiro, mlinzi wa ghala, amesimama mlangoni.

"Ndugu Katibu," Nguchiro akasema, "mbegu inasafiri? Mbona imevaa mkeka?"

"Inakwenda mahali pa usalama."

"Usalama wa nani?"

Fisi akatoa meno. Nguchiro hakungoja jibu. Akakimbia, akauvuka mto kwa mruko mmoja, hakugeuka nyuma.

Fisi akabaki anahema. Akautazama ule mkeka. Ulikuwa mrefu, umenenepa katikati, umefungwa kamba kichwani na miguuni. Akauzunguka mara moja. Akauzunguka tena. Akacheka peke yake, kicheko chake kile mnachokijua.

Asubuhi wanyama waliamshwa na kilio. Fisi alikuwa juu ya kichuguu, anajigaragaza.

"Wametuulia shujaa! Nguchiro wetu! Wezi wa Ng'ambo wamevamia ghala, akapigana nao peke yake, wakamwua, wakachukua mbegu yote! Nimeukuta mwili tu, nikausitiri kwa mkeka. Msiufungue, ndugu zangu, umeharibika vibaya!"

Bonde zima likalia. Punda alilia mpaka akakaukiwa sauti, na sauti ya Punda haikauki upesi.

"Na nani aliyewaambia Ng'ambo kwamba ghala litafunguliwa?" Fisi akaendelea. "Si yule aliyekuwa akiuliza uliza mbegu?"

Macho yote yakamgeukia Bi Kanga. Akawafunika vifaranga wake kwa mabawa.

Simba akatoa hukumu. Shujaa ataombolezwa siku tatu, kisha atazikwa chini ya kilima. Kaburi lake litakuwa mali ya Bonde, na atakayelichimba atahesabiwa msaliti na kuliwa. Maziko yakiisha, Bi Kanga na wanawe watafukuzwa waende nyika ya kusini. Na nyika ya kusini, wanangu, haina tone. Kifaranga hafiki jioni.

"Na mimi," Fisi akasema akifuta machozi, "nitailinda maiti kwa siku zote tatu. Asiisogelee mtu."

"Katibu wangu!" Simba akasema kwa fahari. "Mzalendo huyo."

Habari zikavuka mto, kwa maana habari hazijui marufuku. Sungura alikuwa nyumbani kwake, anamenya karanga na mgeni wake.

"Ndugu yangu Nguchiro," akasema, "nimeletewa salamu za rambirambi."

"Nani amefariki?"

"Wewe."

Nguchiro akapaliwa na karanga. "Mimi?"

"Wewe. Umekufa kishujaa, sikujua unaweza. Unazikwa keshokutwa. Maiti yako wanasema ni nene sana."

Nguchiro akaruka juu. Akaeleza yote, ghala, mkeka, kamba. "Ninarudi sasa hivi nikaseme ukweli!"

"Kaa chini, marehemu. Ukienda na ukweli peke yake watakung'ata kabla hujafungua mdomo. Watasema ni mzimu, au ni kibaraka. Twende na utani."

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya hawa mliolelewa mjini. Ukoo wa Sungura na ukoo wa Nguchiro walikuwa watani. Babu zao walipigana kwa ajili ya shimo, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya, kukucheka ukilia. Msibani ndiko anakotawala. Anajipaka majivu, anaigiza mwendo wa marehemu, anaingia kaburini na kulala humo, anasema sitoki mpaka mnipe ninachotaka. Na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Msiba usio na mtani ni msiba wa mbwa. Hata bibi yangu alipozikwa, watani walivaa gauni lake, wakatembea kwa kujikongoja vile vile alivyotembea yeye, na mama yangu alicheka huku machozi yanamtoka.

Fisi alikuwa amekumbuka kila kitu cha maziko, sanda, kamba, kilio, hotuba. Mtani hakumkumbuka.

Siku ya tatu ikafika. Kaburi limechimbwa. Punda ameubeba ule mkeka mgongoni, jasho linamtiririka. Wanyama wamejipanga, Simba mbele, mawingu meusi yamekaa juu ya kilima. Ghafla kelele kutoka mtoni:

"Uwiii! Mtani wangu! Nani atanikopa tena asinilipe!"

Akina Sungura hao, kumi na wawili, wamejipaka majivu mpaka masikioni, wanajigaragaza. Mmoja wao alikuwa na mkia mrefu kidogo kwa sungura, lakini kwa majivu yale nani angeangalia? Huyo ndiye aliyelia kuliko wote.

"Maadui!" Fisi akabweka. "Wauaji! Wakamateni!"

"Adui gani anakuja na majivu kichwani?" Sungura akasema. "Sisi watani. Mnamzika mtani wetu kimya kimya kama panya? Kumbe kweli yanayosemwa Ng'ambo, kwamba Bonde hili halina adabu."

Simba akaunguruma. "Nani anasema?"

"Wote, Mzee. Wanasema, Bonde wana bendera na nyimbo, lakini mila wamesahau."

"Bonde langu lina adabu kuliko Ng'ambo yenu yote! Wapisheni waingie!"

"Lakini Mwenyekiti—"

"Katibu, nimesema wapishwe. Unataka tudharauliwe na sungura?"

Wakapishwa. Sungura hakukawia. Akatumbukia kaburini, akalala chali, akakunja nne.

"Pazuri hapa. Sitoki."

Wanyama wakaanza kutabasamu. Ilikuwa miaka hawajamwona mtani.

"Unataka nini, mtani?" Simba akauliza, maana ndivyo mila inavyotaka.

"Kwanza nataka kujua huyu ni nani. Marehemu Nguchiro alikuwa mwembamba, mkipiga chafya mnampoteza. Huyu Punda anamtoa jasho. Punda, shemeji yangu, ni mzito?"

"Ni mzito, mtani," Punda akasema kwa huzuni. "Nadhani ni uzito wa ushujaa."

Watu wakacheka. Fisi akasema haraka, "Maiti huvimba!"

"Huvimba, kweli. Siku tatu, jua lote hili. Na nani aliyeilinda?"

"Mimi," Fisi akasema akitoa kifua. "Usiku na mchana."

Sungura akaketi kitako humo kaburini, masikio yakasimama. Akawageukia wanyama.

"Ndugu zangu, wazee kwa vijana. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, huenda sielewi mambo yenu. Hebu nisaidieni. Kuna mtu hapa amewahi kuona Fisi akilinda mzoga siku tatu, na mzoga ukafika kaburini?"

Kobe akaanza kucheka ndani ya gamba lake, kicheko kinasikika kama kokoto kwenye kibuyu. Nyani akafuata. Mara Bonde zima.

"Hata udenda haudondoki!" mmoja akapiga kelele. "Mwangalieni mdomo, mkavu!"

"Nimejizuia!" Fisi akalia. "Nimejizuia kwa ajili ya Bonde! Huo ndio uzalendo!"

"Mmemsikia Katibu wangu," Simba akasema, amevimba kwa fahari. "Hata tumbo lake amelitoa kwa taifa."

"Basi nimeguswa," Sungura akasema, akajifuta jicho. "Mtani ana ruhusa ya kugawa kitu cha marehemu. Mzalendo wa namna hii asilale njaa. Ninampa mguu mmoja. Mshusheni marehemu hapa ukingoni. Ndugu Katibu, karibu, ng'ata."

Fisi akarudi nyuma. "Sina njaa."

Lo! Mngesikia Bonde lilivyotulia. Kwa maana tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka katika mdomo huo.

"Ng'ata, Katibu," Simba akasema. "Wageni wanatazama. Usilitie Bonde aibu."

Fisi akamtazama Simba, akautazama mkeka, akatazama meno ya Simba. Akafumba macho, akang'ata. Mkeka ukachanika. Punje zikamjaa kinywani, zikamwagikia kwenye kidevu, zikatiririka kaburini juu ya Sungura, chururu, nyekundu, mpaka akabaki masikio tu.

Bi Kanga ndiye aliyetambua kwanza, kanga haonyeshwi punje. Akapiga yowe:

"Marehemu ni mtama!"

Na yule sungura mwenye mkia mrefu akajipangusa majivu, akasogea mbele kwa adabu. "Samahanini wafiwa. Marehemu ni mimi. Nawashukuru kwa kilio, hasa wewe Punda. Huyu hapa alinifukuza ghalani kwa sababu niliona anaifunga mbegu kwenye mkeka. Nusu nyingine ameila."

Nguo ya uongo ilikuwa imechanika pamoja na mkeka. Fisi mdomo umejaa, hawezi kumeza mbele ya watu, hawezi kutema.

Hapo Simba akajikohoza. "Wananchi! Hii ilikuwa mbinu. Tulikuwa tunaficha mbegu isionwe na Ng'ambo."

Wengine walianza kutikisa vichwa, maana mazoea yana nguvu. Lakini Punda akasogea. Hakuwahi kuuliza swali maishani mwake, na sauti ilimtoka ikikwaruza.

"Ndugu Mwenyekiti. Kwa hiyo ulijua?"

"Hakuna jani linaloanguka Bonde hili nisilolijua!"

"Basi ulijua. Vifaranga saba wa Bi Kanga wamekufa, na ulijua."

Simba akamtupia Fisi jicho. "Hilo... hilo sikuambiwa."

"Basi hukujua. Katibu wako amekula ghala, na hukujua." Punda akainamisha kichwa. "Mimi ni punda, Mwenyekiti, naelewa neno moja moja. Niambie nishike lipi."

Hakuna aliyecheka. Simba akaona macho ya wanyama tisini, na ya Ng'ambo, juu yake. Akafanya alichozoea. Akapanda kwenye kichuguu mwenyewe, akanguruma:

"Bonde!"

Kimya.

"Wanaokubali Mwenyekiti aendelee, mikia juu!"

Punda akageuka polepole. Akashusha makalio yake mapana mpaka chini, akaukalia mkia wake. Bi Kanga akaukalia wake. Nyani akaukunja wake akaukalia mara mbili, kwa usalama. Makalio yote ya Bonde yakatua vumbini, pu, pu, pu. Kobe akaingia ndani ya gamba mzima mzima, akafunga mlango. Mkia wa Fisi ulikuwa umefichwa katikati ya miguu tangu mapema.

Simba akatazama huku na huku akahesabu. Ulikuwa umeinuka mkia mmoja tu, nao ulikuwa wake.

Angeweza kurarua watu. Nguvu alikuwa nazo. Lakini Simba ni majivuno, na majivuno hayawezi kukaa pasipo makofi, tena mbele ya sungura. Akasema alikuwa amechoka na uongozi muda mrefu, akashuka, akatembea zake kuelekea vilimani, anatembea taratibu ili waone kwamba hafukuzwi.

Mvua ikapiga jioni ile ile. Wakaigawa mbegu mvuani, kibaba kwa kibaba, na haikutosha vizuri, maana nusu ni nusu. Bi Kanga akapewa ufunguo wa ghala kwa msimu mmoja. Msimu wa pili alitakiwa auache, akauacha, ila alinung'unika wiki nzima, kwa maana ufunguo ni mtamu shingoni hata kwa kanga. Mikutano yao sasa ilichukua siku mbili, kila mtu ana lake la kusema, na wapo waliosema heri zamani tulikuwa tunamaliza mapema. Ghala likabaki la wote vile vile. Ila kwenye kura, tangu siku hiyo kukaa kulihesabiwa sawasawa na kuinua, na aliyehesabu hakuwa mmoja.

Sungura hakukubali cheo. Aliondoka na mtama masikioni, akisema ni haki ya mtani, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika.

Na Fisi? Wakati wanabishana wamfanye nini, yeye huyo, akauvuka mto kuomba hifadhi Ng'ambo. Aliyeapa kufa kwa ajili ya Bonde ndiye aliyekuwa wa kwanza kulihama. Akina Sungura wakamzuia ukingoni.

"Huku? Huku kuna wauaji, Ndugu Katibu, si ulisema mwenyewe? Tunakuhurumia, rudi."

Akarudi, wa Bonde wakamrushia mawe. Akaenda tena, akarudishwa tena. Mpaka leo anazunguka mtoni, si wa Bonde si wa Ng'ambo, na akicheka hajui anamcheka nani.

Mficha maradhi, kilio humfichua.